Alasiri Nyansiongo Ilipogeuka Nyeupe

Nilikwenda Nyansiongo, kwa wakwe zangu milimani, siku hiyo kupiga picha banda bovu. Lilikuwa banda la kukamulia ng'ombe, lililojengwa na mzungu aliyekuwa na shamba pale kabla ya uhuru. Marehemu baba mkwe wangu alikamua humo akiwa kijana, miaka mingi kabla ya yeye mwenyewe kupata ploti kwenye shamba lilelile. Mbao zilikuwa zimegeuka kijivu, mabati yameliwa na kutu hadi yakawa na rangi ya chai ya rangi, na upande mmoja ulikuwa umeinama kama mtu anayesikiliza jambo chini ardhini.

Wanaume wa boma walikuwa wamekubaliana kulibomoa Jumapili. Mama mkwe hakupinga, ila alinipigia simu.

"Wewe si una kamera?" akaniuliza. "Unapiga watu hata huwajui. Kuja upige nyumba ya ng'ombe ya mzee wangu."

Nina studio ndogo Kebirigo. Kinachonilisha ni picha za paspoti, harusi na mazishi. Kinachonifurahisha ni kingine kabisa: milango iliyobambuka rangi, mizani ya zamani ya kupimia majani chai, mitumbwi iliyopasuka ninayoikuta ufukweni nikienda kwetu. Nimezaliwa kando ya ziwa, mahali ambapo ukivaa sweta watu wanakuuliza kama una malaria. Nilipoolewa huku milimani ilibidi nijifunze baridi. Ekegusii ninaielewa vizuri lakini nikiizungumza watu hucheka, kwa hiyo mimi na mama mkwe tumekuwa tukielewana kwa Kiswahili, chake cha shule ya zamani na changu cha sokoni. Yeye ni Msabato wa kweli kweli. Mimi nimebaki Mkatoliki, na hajawahi kuniuliza kwa nini.

Ilikuwa Ijumaa. Nilifika saa nane mchana na kumkuta ameshamaliza kupika chakula cha kesho yake, maana jua likishazama Ijumaa yeye hagusi kazi. Tukateremka pamoja hadi bandani, nikaanza na bawaba. Nikapiga misumari, nikapiga kigogo cha kati ambacho shingo za ng'ombe zilikuwa zimekisugua hadi kikang'aa. Alisimama nyuma yangu akinieleza: hapa palikaa ndoo, pale mzungu alipenda kusimama na saa yake mkononi. Ng'ombe wake wawili walikuwa ndani wakitafuna, wakitutazama bila haraka.

Saa tisa hivi mwanga ukanizimikia. Nilidhani nimegusa kitu kwenye kamera. Nilipoinua macho niliona wingu limeshuka hadi kwenye mikaratusi, wingu la rangi ya jeraha, na hewa ikawa baridi ghafla hata vidole vikakakamaa.

"Mawe hayo," mama mkwe akasema, akanivuta ndani kwa mkono.

Kwanza liligonga moja juu ya bati, halafu matatu, halafu sikusikia tena chochote ila ngurumo. Mvua ya mawe nilishaiona, huku ni kawaida: dakika tano, watoto wanaokota na kula, imeisha. Hii haikuisha. Mama mkwe alikuwa ananipigia kelele sikioni na sikushika hata neno. Mawe yalidunda nje ya mlango kama bisi kwenye sufuria. Banda lile bovu lilitetemeka kila ubao, lakini halikuanguka. Kama nusu saa baadaye kelele zikapungua, zikawa tone moja moja, kisha kimya.

Tukatoka nje.

Sijui nieleze vipi. Kila kitu kilikuwa cheupe. Njia tuliyopita ilikuwa nyeupe, malisho yalikuwa meupe hadi kwenye ua wa waya, na ukutani mwa banda barafu ilikuwa imerundikana hadi katikati ya muundi. Mlima wa ng'ambo ulikuwa umekatwa kama kwa rula, nusu nyeupe, nusu kijani kibichi. Kutoka kwenye barafu ulikuwa unapanda ukungu mwembamba, unatambaa kati ya mistari ya michai. Nami, mtoto wa ziwani, ambaye theluji nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu, nilipiga ukelele kama aliyefunga bao.

Nikaanza kukimbia. Nilikuwa na gambuti za mama mkwe zilizonizidi saizi mbili, na hatua ya tatu tu nikateleza nikakaa chini, kamera nimeiinua juu kama mtoto anayevushwa mto. Nikacheka peke yangu. Nikapiga nikiwa hapohapo chini.

Picha ya kwanza ilitoka chafu, ya kijivu. Hilo nililijua, harusi zilinifundisha. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na bibi arusi anatoka kama aliyeoga majivu. Nikaongeza mwanga hatua moja, halafu nusu nyingine, na kwenye kioo cha kamera nikaona weupe wenyewe, na vivuli vya samawati ndani yake ambavyo sikuwa nimeviona kwa macho. Nikapiga nyayo za kuku. Nikapiga jani la ndizi lililochanwachanwa likining'inia kama pindo la shuka, kila mchano una punje ya barafu. Nilirudi bandani kupiga ng'ombe, na pumzi zao za moto zikaifunika lenzi kwa mvuke. Nikangoja nikiruka kwa mguu mmoja hadi mwingine, maana nilikuwa nasikia barafu ikiyeyuka mabatini, tone kwa tone, na kila tone lilikuwa picha inayoniponyoka.

Ndipo harufu ikanifikia. Harufu nzito, tamu, kama ile ya karibu na kiwanda cha chai. Nikageuka.

Mama mkwe alikuwa amechutama katikati ya shamba lake. Mkononi alikuwa na kijiti kisicho na jani hata moja. Mistari yote iliyomzunguka ilikuwa hivyo hivyo, vijiti vitupu, na majani yake machanga yamelala chini yamepondeka kwenye barafu. Harufu ile niliyoifurahia ilikuwa chai yake.

Nikashusha kamera. Kicheko changu chote kiligeuka aibu. Nilimwendea polepole, nikasimama kando yake.

"Pole, Mama."

Hakuinua kichwa. "Hizi nilizipanda nikiwa nimembeba mume wako tumboni," akasema. "Zimepigwa mara ngapi? Nimesahau. Tutakata, zitatoa tena." Akatupa kile kijiti. Kisha akanitazama, akatazama kamera. "Mbona umeacha?"

"Nimeona vibaya, Mama. Wewe umepata hasara na mimi nachekacheka."

"Mimi niko hapa miaka yote hii," akasema, akijiinua kwa kushika goti, "na sijaona kitu kama hiki. Ukiacha kupiga, majani yatarudi kwa mti? Piga, mwanangu. Kwanza nipige mimi."

Huyu ni mwanamke ambaye kwenye harusi yangu alijificha nyuma ya tanki la maji ili asipigwe picha.

Akaingia nyumbani, akatoka amevaa koti kubwa la marehemu mzee, lililochakaa viwiko, akateremka na kusimama mlangoni mwa banda, barafu imemfika juu ya vifundo. Nilimwambia asicheke kama hataki. Hakucheka. Aliweka kiganja juu ya mwimo wa mlango, mahali mbao zilipolika, akanitazama moja kwa moja. Nilipiga mara nne tu.

Baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa ananikimbiza. "Kuja huku, ona mti huu!" "Huku, huku, bomba la maji!" Tulipanda hadi juu ya malisho, mimi nikihema, yeye akihesabu kwa sauti mashamba ya majirani yaliyopigwa na yaliyopona. Mahindi ya jirani wa kwanza yalikuwa yamelala yote. Mwenyewe alikuwa amesimama katikati, na kabla sijainua kamera nilimwita nikamwuliza kama naruhusiwa. Akasema, "Piga mahindi, mimi usinipige." Nikapiga mahindi.

Jua likatokea chini ya wingu, karibu kuzama. Barafu yote ikashika rangi ya waridi, hata ukungu. Nilikuwa nimeinua kamera nilipomwona mama mkwe amekunja mikono. Sabato ilikuwa inaingia. Nikaishusha.

"Unangoja nini?" akaniuliza.

"Si Sabato, Mama?"

"Sabato ni yangu. Mimi nimefunga kazi. Wewe yako iko Jumapili." Akanigeuzia mgongo, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Nikapiga hadi betri ikakata, naye akiimba.

Asubuhi yake hapakuwa na kitu ila matope. Jumapili banda likabomolewa.

Picha yake ya mlangoni niliikuza, nikampelekea. Aliitazama muda mrefu, akasema tu, "Koti hili lilikuwa la kushonwa vizuri." Kesho yake akaipeleka kituo cha majani chai. Akina mama wa huko wakakataa kata kata kwamba ni Nyansiongo. Mmoja akasema mkamwana wake amempeleka Ulaya kisiri. Alirudi nyumbani amekasirika na amefurahi pamoja, akanisimulia yote kwenye simu bila kupumua.

Ile ya malisho yenye rangi ya waridi nilichapisha kwenye turubai kubwa, nikaitundika studio. Sasa watu huja kutoka mbali, hata Kenyenya, wakitaka kupigwa mbele yake wakiwa na makoti na glavu za kuazima. Nikiwaambia barafu hiyo ilianguka juu tu hapo, wananiangalia kwa huruma.

Michai ilikatwa, ikatoa tena. Na juzi, mwezi wa baridi, nikiwa nimelala kwake, mama mkwe aliniamsha alfajiri kwa sababu sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imeshika nyasi za bondeni, jambo ambalo hata yeye huliona kwa nadra. Nililala kifudifudi kwenye nyasi zilizokakamaa, tumbo limelowa, nikipiga jani moja lenye ukingo wa fuwele ndogo ndogo. Jua lilipoanza kuchomoza, mama mkwe alisimama juu yangu ametandaza leso kwa mikono miwili kulikinga lisiyeyushe fuwele.

"Harakisha," alikuwa anasema, "harakisha, linakuja!"