Jalada la Mengineyo

Aliyeteketeza nyimbo zangu ni mimi. Naliandika hilo mwanzoni ili msomaji asihangaike kumtafuta mwingine, kama nilivyohangaika mimi kwa miaka mingi na kuwahangaisha watu wa nyumbani kwangu.

Hadi nilipostaafu nilikuwa mtunza kumbukumbu katika ofisi moja ya serikali hapa Lushoto. Kazi yangu ilikuwa masijala: kufungua majalada, kuyapa namba, kujua kila karatasi iko wapi na, muda wake ukiisha, kuiondoa kwa utaratibu. Nje ya kazi hiyo nilikuwa mtunzi wa nyimbo za kwaya. Niliziandika kwa nota za do-re-mi, kwa penseli, sauti nne. Nakala ilikuwa moja tu, yangu. Waimbaji walijifunza kwa kusikia. Mke wangu aliimba sauti ya pili, na nyingi nilizitunga sauti yake ikiwa masikioni mwangu.

Kisha tukahama nyumba ya serikali, tukaenda kwenye nyumba yetu wenyewe njia ya Magamba, na nyimbo hazikuonekana. Asubuhi za kule ni baridi na ukungu. Mke wangu alikuwa akiwashia moto karatasi kuukuu zilizokuwa ndani ya sanduku la kuhamia. Nikamwambia, "Umeniunguzia nyimbo." Akakana. Nikaitangazia kwaya. Nikamwambia na kaka yake, tukiwa mezani, chakula kikiwa mbele yetu. Baada ya hapo hakukana tena, aliacha kwaya. Nami tangu siku ile sikutunga hata ubeti mmoja.

Nilipostaafu, mwalimu mmoja wa sanaa, mstaafu mwenzangu, alinialika kwenye kikundi chake. Ni umoja wa wasanii waliokauka: wanakutana kila Jumamosi mchana katika chumba kilicho nyuma ya duka la mshonaji, chupa ya chai mezani, na wanapita hatua kumi na mbili, moja baada ya nyingine, wakitafuta kile walichopoteza. Hawatajani majina. Hatua ya kwanza inamtaka mtu akiri kwamba hana uwezo. Nilisimama kuipinga. Nilieleza kwamba katika utumishi wangu wote sikuwahi kutia sahihi tamko la namna hiyo, na kwamba nilitaka kujua ni nani aliyeliidhinisha.

"Babu, kaa basi," akasema mchora mabango wa sokoni, mtu ambaye mkono wake ulikuwa umegoma kuchora chochote kisicho na bei ya kabichi. "Hapa hakuna mwenyekiti wa kupingwa."

Nilikaa. Sikukiri, lakini nilikaa.

Hatua ya nne inadai mtu aandike yote yaliyomzuia, pamoja na makosa yake mwenyewe. Nilileta jalada lililofungwa kwa uzi, kurasa zikiwa na namba. Mwalimu alilisoma lote, akavua miwani.

"Mzee wangu, haya ni mashtaka. Ukurasa wako wewe uko wapi?"

"Mimi ni mlalamikaji."

Mchora mabango alicheka hadi chai ikamwagikia suruali. "Babu! Hata mbuzi akila karoti za watu huulizwa nani kamwona. Wewe ulimwona mama akizichoma?"

Sikumwona. Swali lile liliniuma kwa sababu lilikuwa la haki, na kwa sababu ningepaswa kuliuliza mimi.

Jumatatu nikaenda ofisini kwangu kwa zamani kutafuta ushahidi. Nyimbo nilikuwa nikizitunga pale, saa ya mapumziko, na nilikuwa na hakika kwamba nilizibeba nyumbani. Kutoa karatasi ofisini kulihitaji hati, na hati zote nilizitunza mwenyewe. Karani wa sasa, binti mwenye adabu, aliniamkia shikamoo na kunipa kiti. Alipekua rejesta mara mbili.

"Hati haipo, mzee. Kwani hizo nyimbo zilikuwa ndani ya nini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Zilikuwa ndani ya jalada la ofisi, ambalo juu yake niliandika "Mengineyo" ili mtu yeyote asipate hamu ya kulifungua.

Nilipomtajia, binti alileta orodha ya majalada yaliyoteketezwa, akaipitishia kidole, akasimama. Jalada langu lilikuwamo. Kwenye safu ya maelezo palikuwa pameandikwa, kwa mwandiko wangu: *Karatasi zisizo na thamani.* Chini ya ukurasa palikuwa na sahihi yangu.

Kanuni ni kwamba jalada haliteketezwi kabla halijafunguliwa na kusomwa karatasi kwa karatasi. Kanuni hiyo niliwafundisha makarani wote waliopita mikononi mwangu. Siku ile orodha ilikuwa ndefu, nikasoma majina ya majalada tu. Moto ukawashwa nyuma ya ofisi. Nilisimama pale mpaka majivu yakapoa, maana kanuni inataka shahidi awepo.

"Nikutolee nakala, mzee?"

"Nitolee mbili."

Jumamosi niliwasomea wenzangu. Safari hii hakuna aliyecheka. Niliuliza ni utaratibu gani unaofuata pale ambapo kitu hakiwezi kurudishwa. Mwalimu akajibu kwamba hatua ya tisa inamtuma mtu kwa yule aliyemkosea. Nikamuuliza kama ningepona. "Hilo hatukukuahidi," akasema.

Nilimkuta mke wangu akipukuchua maharage. Nikampa nakala, akanirudishia nimsomee. Nikasoma. Vidole vyake havikusimama.

"Rudia pale pa thamani," akasema kwa Kishambaa.

Nikarudia.

Kisha akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, ambacho nyumbani hatukitumii: "Baba, mimi ulinishtaki mbele ya kwaya na mbele ya kaka yangu. Msamaha wa jikoni siutaki. Niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Kama ulivyokuwa ukiwaandikia wafanyakazi wako wakiharibu. Ile barua yenye Yah."

Nilimwomba kwanza anikumbushe wimbo mmoja, wowote. Alifumba macho, akaimba sauti ya pili, mistari miwili, kwa pumzi fupi ya uzee. Akafumbua macho. "Zile sauti nyingine ulikuwa nazo wewe," akasema.

Niliandika alichoimba. Juu yake nikaacha mstari wa sauti ya kwanza. Chini yake, mistari ya wanaume. Kila asubuhi huketi mbele ya karatasi ile na penseli iliyochongwa. Mistari mitatu bado ni mitupu. Kama hatua ya kwanza ingerudiwa leo, ningeitia sahihi.

Barua niliiandika jioni ileile na kuifikisha kwa mhusika, ambaye ni mimi, kwa mkono wangu. Nakala zilikwenda kwa kwaya na kwa shemeji yangu. Muda uliowekwa umekwisha na jibu halijapatikana. Kwa hiyo nairudia hapa, mbele ya wasomaji:

*Yah: Kutakiwa kujieleza.*

*Rejea orodha ya majalada yaliyoteketezwa, yenye sahihi yako. Unatakiwa kueleza kwa maandishi, ndani ya siku kumi na nne, ni kwa nini uliteketeza jalada ambalo hukulifungua. Ni kwa nini ulimhukumu mke wako bila ushahidi na bila kumsikiliza. Na ni lini, na kwa njia gani, utamrudisha kwenye nafasi yake katika kwaya. Maelezo ya mdomo hayatapokelewa.*