Rubisi Iliyompeleka Koku Shule

Tangu tumzike Profesa, wageni wanaokuja Kimuli kunipa pole wananiuliza jambo lile lile: mwanamke wa huku, wa zama zile, uhandisi aliupatia wapi? Wengine wanadhani Ulaya. Mimi ni kaka yake, na mzigo wa safari ile niliubeba pamoja naye, kwa hiyo acheni niwasimulie tulivyokwenda Kanoni. Machozi tumekwisha kuyatoa. Marehemu mwenyewe alipenda kucheka kuliko kula.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Koku, kama tulivyomwita Profesa nyumbani, alikuwa amemaliza madarasa yote ya shule yetu ya kanisa, na shule ya wasichana ya kuendelea ilikuwa jirani na Kanoni, kwa baba yetu mkubwa. Asipokubali kumpokea nyumbani kwake, masomo yanaishia hapo, na tayari kuna watu walishaanza kumuulizia kwa habari za ndoa. Sasa, kwetu huendi kwa mkubwa kuomba jambo mikono mitupu. Unakwenda na rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kibuyu kifike kimefungwa. Kikifika kimetobolewa, maana yake mmeonja njiani, na aliyeonja hana la kuomba.

Alfajiri tukaondoka. Baba alikuwa ametengeneza rubisi kwa mikono yake, akaziba vibuyu viwili kwa majani ya mgomba, akakaza kwa kamba hata sindano isingepita.

"Nakujua wewe," akaniambia.

Na kweli alikuwa ananijua. Kuhusu Koku alisema maneno machache tu: "Akikataliwa, mrudi wote wawili."

Jua lilipopanda tulikuwa tunashuka bondeni kwenye matete. Pu! Kibuyu changu kikapasuka, rubisi ikanimwagikia kutoka kichwani hadi miguuni. Nyuki nao, wasiosubiri kukaribishwa, wakafika. Nilikimbia huku na huku kama kuku aliyekoswa na mwewe, na Koku akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akainuka ghafla. Akakishika kibuyu chake, akakitegea sikio.

"Kaka, na hiki kimejaa pumzi."

"Kibuyu ni kibuyu. Twende."

"Rubisi bado inachacha humo ndani, na pumzi haina pa kutokea. Itajitafutia mlango yenyewe."

Akakata tete jembamba, akataka kulichomeka katikati ya majani. Nikamshika mkono. Nilimwambia akitoboa hapo, shule ndiyo ameitoboa.

"Na kikipasuka, tutamwomba tukiwa na nini mkononi?" akauliza.

Nikamwachia. Tete likaingia, likapiga mluzi, povu likachuruzika kidogo, kibuyu kikatulia. Mimi sikutulia.

Jioni tulifika kwa shangazi, ambako tulilala. Aliposikia tuendako alifurahi, ila alipoona lile tete akashika kiuno. "Poleni, wanangu," akasema. "Mtarudi wote." Usiku ule Koku hakugusa chakula, na aliyemjua anajua hiyo ni habari nzito.

Kesho yake mchana tukaingia Kanoni. Tukatoa shikamoo zetu, tukakalishwa kwenye nyasi mpya zilizotandikwa ndani, tukapewa buni za kutafuna kama wageni wa heshima. Majirani kadhaa walikuwapo. Kisha baba mkubwa akakisogeza kibuyu karibu, akaona tete.

"Nani ameonja?"

Wote wakanitazama mimi, hata wasionijua.

Koku akapiga magoti. "Baba mkubwa, shikamoo tena. Hakuna aliyeonja. Naomba rubisi changa kidogo na kibuyu kidogo, nikuonyeshe. Kifunge wewe mwenyewe, kwa nguvu zako zote."

Watu wakanong'ona: binti mdogo anaomba pombe. Lakini mzee alikuwa hodari wa kesi, na kesi yenye ushahidi ilimnogea. Akakifunga kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akakiweka juani uani. Tukala matoke na maharage tukisubiri. Koku hakuondoa macho pale, kama mtu aliyeinjika maziwa. Kimya. Mzee akachoka, akainama kukichungulia.

"Mbona hakuna kit..."

Kizibo kikampita sikioni, rubisi ikamrukia usoni na kwenye kanzu. Hakuna aliyethubutu kucheka. Akalamba masharubu yake polepole.

"Imeiva," akasema.

Mama mkubwa akaanza kucheka, nyumba nzima ikafuata, na mzee mwenyewe akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Huyu anabaki hapa," akasema. "Nikimrudisha, kila nikiona kibuyu nitajiuliza angenionyesha nini kingine."

Safari ya kurudi niliifanya peke yangu, bila mzigo, huku nikiimba ovyo. Nilijifunza kwamba desturi haichukii kuulizwa swali, mradi anayeuliza amepiga magoti na ana hakika na jibu lake. Na niliona upweke, sitaficha. Barabara haikuwa na mtu wa kunicheka.

Nilipokaribia nyumbani, mama alikuwa analima mwisho wa shamba. Akaangalia nyuma yangu, akaangalia tena.

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu, mama."

Akalitupa jembe, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka mbio kuuliza kwetu kazaliwa nani.

"Koku," mama akawajibu.