Tumbo la Baba Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi hapa Kalama, babu yangu akiwa bado na nguvu za kushika plau, nami kijana ambaye ndevu zilikuwa zimeanza kuota, na maringo pia. Maksai wake mweusi alikuwa amesimama zizini, kichwa chini, majani hagusi. Nikasema ni uvivu tu, achapwe. Babu akaniuliza, "Mavi yake umeangalia?"

Nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa vipya, na zizi, mwanangu, unalijua.

"Ng'ombe hana mdomo wa kusema," babu akanikemea. "Nyuma yake ndiyo inasema. Ukiona haya kuangalia, utamzika ukiwa na viatu safi."

Akapiga magoti mwenyewe, akamshika tumbo, akalikuta gumu. Tukamnywesha maji, tukamtembeza polepole mpaka jua likaanza kushuka, na alipojisaidia babu alicheka kwa sauti mpaka majirani wakauliza kuna nini. Toka siku hiyo niliangalia zizi kila asubuhi kabla ya kukamua. Nikawa mfugaji wa kusifiwa. Ajabu ni kwamba somo lile nililiweka kwa ng'ombe peke yao.

Sasa mimi ndiye mzee. Mkono huu wa kulia unatetemeka, na miguu hunigandia mlangoni, natamani kutoka nayo inakataa. Daktari wa Machakos mjini aliniambia ugonjwa wenyewe unaitwa Pakinsoni, akaniandikia tembe. Nikizimeza zikafanya kazi, hata kuku nawakimbiza. Lakini nikuambie jambo ambalo watu hawalioni, maana wote hutazama mkono. Ugonjwa huu hukaa tumboni pia. Kwangu mimi tumbo lilianza kuwa zito miaka kadhaa kabla ya mkono, nikadhani ni uzee.

Mke wangu alishatangulia, na mwanangu Musyoka anafanya kazi Mombasa. Anayenitunza ni mkewe, Mwende. Na sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima yenye haya ndani yake. Mke wa mwanao hakai kitandani mwako, nawe humtajii mambo ya chini ya mshipi. Utamwambia nini, kwamba choo kimekukataa? Afadhali ufe. Ndivyo nilivyofikiri, na nusura iwe hivyo.

Nilianza kwa kuacha maji. Choo kiko nyuma ya jikoni, safari ya kukifikia ni ndefu kwa miguu ya kuganda, na kikombe chenyewe mkononi mwangu kinamwaga zaidi ya ninachokunywa. Nikaona nikikaa na kiu nitapumzika. Tumbo likafunga. Chakula kikawa hakishuki, vijiko vitatu tu nimeshiba, natazama sahani kama mtu aliyetukanwa.

Mwende akaona sahani zinarudi. Yeye naye, badala ya kuuliza, akaongeza heshima. Akachinja kuku wa kienyeji. Akanipikia muthokoi, ile ya mahindi yaliyokobolewa ganda mpaka yakawa meupe, na maharagwe tele. Akaniletea mayai na maziwa, na tembe zangu pembeni, vyote nimeze pamoja. Nikala kidogo nikimwonea huruma. Lakini tembe zikaacha kufanya kazi. Siku nyingine nilisimama mlangoni mpaka Mwende akanishika kiuno kunivusha, naye uso ameugeuza pembeni kwa haya.

Maneno yakaanza. Musyoka akampigia Mwende simu, nikamsikia mpaka kitandani: "Baba amekonda hivyo aje, na niko na bibi hapo nyumbani?" Majirani nao hawakunyamaza. Jioni moja Mwende akaja akasimama karibu na mlango, macho chini.

"Baba, nimeongea na mamangu," akasema. "Kama chakula yangu imekukataa, afadhali nirudi kwetu. Musyoka atakupeleka Mombasa, atafute mtu mwenye utaweza kula mkono wake."

Niliumia, mwanangu. Yule ni binti aliyemuogesha mke wangu mpaka siku ya mwisho. Nilijua kosa si lake, ukweli niko nao tumboni, na mdomo wangu haukufunguka. Nikasema tu, "Tutaongea kesho." Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa karibu kuvunja boma la mwanangu kwa kuficha.

Asubuhi nimekaa nje kwenye jua. Mwende yuko zizini, ameinama, anaangalia chini. Kisha akatoa simu akampigia daktari wa mifugo, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Daktari, huyu ng'ombe ako na shida ya choo. Tangu jana hajatoa kitu. Tumbo iko ngumu, na majani anakataa. Hapana, sitangoja, atanifia!"

Nikamwona babu yangu amepiga magoti pale pale. Binti huyu anaweza kumsemea ng'ombe mbele ya kijiji kizima, na mimi nataka kumwacha aende kwao na aibu isiyo yake.

"Mwende," nikaita. "Mwambie hata mimi."

Akageuka. "Hata wewe nini, Baba?"

"Kama ng'ombe."

Akafunika mdomo kwa leso, mabega yakatetemeka, sikujua kama ni kicheko au kilio. Nadhani vilikuwa vyote viwili. Kisha akaja akakaa kwenye kigoda karibu nami, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Baba, tangu lini?"

"Tangu Jumapili ile nyingine."

"Ai! Na unanyamaza nikifikiria ni chumvi!"

Siku hiyo hiyo tulienda hospitali. Ng'ombe aliachiwa daktari wake, akapona kabla yangu. Daktari wa hospitali alinibonyeza tumbo, akasema ningechelewa kidogo angenilaza. Akanipa dawa ya kulainisha choo, kisha akamweleza Mwende huku nami nikisikia. Ugonjwa huu hupunguza mwendo wa tumbo kama unavyopunguza mwendo wa miguu. Tembe ikikwama tumboni haifiki inakotakiwa, na nyama, maharagwe na maziwa vikiliwa pamoja nayo, kwa baadhi ya wagonjwa huizuia njia. Kwa hiyo nimeze tembe kwa maji, nikae kama nusu saa ndipo nile, na vile vyakula vizito vingojee jioni. Hayo ni yangu mimi, mwanangu. Mgonjwa wako umuulizie kwa daktari wake, na dawa usimpunguzie wala kumwongezea kwa akili yako.

Muthokoi nimeipunguza, roho ikiniuma. Siku hizi nakula isyo, ile pure ya mahindi yenye ganda lake, maana ganda husaidia choo, imepikwa ikalainika, pamoja na mboga za majani, papai, na uji wa wimbi. Nakula kidogo kidogo mara nyingi, nimekaa wima nisipaliwe. Maji nakunywa kwa kikombe chenye kifuniko alichoninunulia Mwende, nameza haba na haba mpaka jioni. Musyoka alikuja likizo, akamwomba mkewe radhi mbele yangu, akatengeneza kiti cha mbao juu ya shimo la choo na bomba la chuma ukutani la kushikilia. Kila baada ya uji wa asubuhi naenda kukaa pale bila haraka, kitu kije kisije. Siku nyingine hakiji. Ugonjwa haujaondoka, ila sasa tunazijua njia zake.

Basi sikiliza, wewe unayemtunza mzazi anayetetemeka. Usitazame mkono tu. Muulize amepata choo lini, maji amekunywa kiasi gani, chakula kinashuka au kinasimama. Tumbo likivimba, akitapika, likimuuma sana au ukiona damu, usimtafutie mizizi ya sokoni, mpeleke hospitali. Na akirudisha sahani, usijihukumu kabla hujamuuliza. Wewe nawe mzee mwenzangu, fungua mdomo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na heshima inayomliza anayekutunza si heshima.

Asubuhi hizi Mwende akitoka zizini na ndoo ya maziwa hupitia kwangu, akaniuliza lile swali alilotoka kumuulizia ng'ombe. Mimi humjibu. Hatutazamani usoni, nthoni yetu bado ipo, lakini najibu ukweli.

Mungu akujalie tumbo jepesi, mwanangu, na miguu inayokutii. Na siku ikikataa kukutii, akupe mtu wa kukuuliza asubuhi, na akupe wewe ulimi wa kumjibu.