Mchunga Haukupewa Notisi

Kazi yangu ni kuficha yaliyo nyuma ya watu. Nina fremu ya duka mtaa wa Gerezani, karibu na Kariakoo, upana wake mlango mmoja na nusu, napiga picha za pasipoti. Mteja akiingia namkalisha kwenye stuli, nashusha kitambaa cha bluu nyuma yake, namwambia anyanyue kidevu. Ukuta wangu una ukungu, una waya zinazoning'inia na feni iliyokufa zamani. Kwenye picha huvioni.

Kitambaa hichohicho ndicho nilichoanza kwenda nacho Jangwani kupiga picha maua ya porini. Najua mnacheka. Chekeni. Mangi wa duka la jirani, anayeuza maua ya plastiki kwa jumla, alicheka kabla yenu.

"Dada, unaacha wateja unaenda kupiga picha magugu? Njoo upige ya kwangu, hayanyauki."

"Ya kwako hayanyauki kwa sababu hayajawahi kuishi," nikamjibu. Akacheka tena. Asiyekujua hakuthamini, nikaenda zangu.

Jangwani ni lile bonde kati ya Kariakoo na Magomeni. Masika linajaa maji, kiangazi linabaki mchanga na vifusi. Sisi tulikaa humo, mimi nimezaliwa humo. Baada ya mafuriko nyumba zetu zilichorwa alama ya X nyekundu, tingatinga likaja, tukahama. Na maneno juu: watu wa mabondeni wabishi, mmejitakia wenyewe. Mama yangu, mtu wa Lindi aliyeletwa humo bi harusi, aliyasikia yote. Tukapanga chumba Magomeni. Tangu hapo, kila tukipita pale kwa bajaji kuja mjini, mama hujifunika uso kwa kanga mpaka tuvuke bonde. Tukishavuka anafunua, anauliza nyanya siku hizi bei gani.

Hilo lilinichoma. Anayeficha uso ni mwizi, na mama yangu hajaiba cha mtu. Nilitaka alitazame bonde lake tena, kanga ikiwa mabegani. Ndugu zangu waliniambia niache kutonesha kidonda, mama amezeeka, mwache apumzike. Nikawaambia mtajiju.

Kwa hiyo mvua za vuli zilipopita, nikawa nashuka bondeni asubuhi kabla ya kufungua fremu. Mbigili ilikuwa imetandaa juu ya mchanga mkavu, maua yake ya njano kama vifungo vya shati, miiba yake inatoboa kandambili mpaka nyayo. Kwenye vifusi ulikuwa umeota mchunga, ile mboga chungu ambayo mama alikuwa akiichemsha, anamwaga maji, ndipo anaitia tui la nazi. Nao una ua la njano, dogo, lenye kiburi. Nilikuwa nalala kifudifudi, nasimika vijiti viwili, natundika kitambaa cha bluu nyuma ya ua. Waokota chupa wakaniuliza, "Dada, u mzima kweli?" Nikawajibu, "Mzima kuliko nyie." Nyumba yetu ilipokuwa sikupajua tena. Tope lilikuwa limefuta vichochoro vyote.

Nilisafisha picha zangu, nikampelekea mama Magomeni. Akavaa miwani, akazipitia moja moja.

"Mazuri. Ya wapi?"

"Jangwani, mama."

"Muongo wewe. Haya hata ya Dodoma yanaweza kuwa."

Khaa! Nilikasirika, nimetobolewa nyayo kwa ajili yake. Nikazitazama na mimi. Bluu, bluu, bluu tupu, kila ua limenyanyua kidevu kama linaomba kitambulisho. Bonde zima nilikuwa nimelificha kwa mkono wangu.

Ilikuwa imebaki moja chini kabisa, niliyokuwa nataka kuitupa. Upepo ulikuwa umekivuta kitambaa pembeni wakati nabonyeza. Ua la mchunga limeinama, na nyuma yake inaonekana saruji iliyopasuka. Mama akaichukua, akaisogeza dirishani. Kwenye ile saruji kulikuwa na vipande vya sahani, vyeupe vyenye mstari wa kijani.

"Sahani yangu ya harusi," akasema. "Ilivunjika, nikakataa kuitupa. Fundi alipokuwa anamwaga zege la baraza nikaipachika mwenyewe, kipande kwa kipande. Hili baraza langu!"

Baraza nililolikalia utoto wangu wote, nikalala kifudifudi mbele yake na kulitundikia kitambaa. Nilitaka kulia, mama hakunipa nafasi.

"Huu mchunga nani anauchuma?"

"Hakuna, mama. Wanasema kule hapakai mtu tena."

"Tuliohamishwa ni sisi. Mchunga haukupewa notisi. Nipe kikapu."

Nikamwambia jua kali, miguu inakuuma, twende kesho. Weee! Nilikuwa naongea na mlango. Alishatoka.

Tulishuka kwa miguu, taratibu, mama ameshika bega langu. Tulipofika ukingoni mwa bonde nikamwangalia. Kanga ilikuwa mabegani. Mlinzi wa vifaa vya ujenzi vilivyorundikwa pale akatufuata mbio, lakini adabu alikuwa nayo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, hapa hairuhusiwi kukaa mtu."

"Nani kakwambia nimekuja kukaa? Nimekuja kuchuma mboga barazani kwangu. Nawe ukitaka nitakuletea, ila utaleta nazi."

Kijana akatupisha.

Tulizunguka vifusi mpaka tukaliona baraza. Mama alichuma kwanza, bila haraka, majani laini, akiyaacha maua. Kikapu kilipojaa akapangusa saruji kwa kiganja mpaka ule mstari wa kijani ukang'aa, akakaa juu yake, akapanga kanga vizuri.

"Nipige."

Nikatoa kamera. Na mkono wangu, kwa mazoea tu, ukavuta kile kitambaa kutoka kwenye begi na kuanza kukitandaza nyuma yake.

"We mtoto," mama akasema, macho kwenye kamera. "Kitoe hicho. Nataka nyuma paonekane."