Kurasa Nne Nilizozikata kwa Wembe

Nakumbuka siku niliyokata kurasa nne za kitabu kisicho changu, mwanangu. Nitakueleza bila kujipamba, maana nimeona wewe nawe unapenda kujifungia na vitabu, na nina jambo la kukuambia kabla sijasahau.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika shule ya wakunga hapa Kalemie. Zilikuwa enzi za Zaire. Tuliitana Sitwayeni, yaani raia, na majina ya ubatizo hatukuyaandika kwenye karatasi, maana serikali iliyakataza. Tulikuwa wasichana thelathini na wawili, na kitabu kikubwa cha ukunga kilikuwa kimoja. Kilikaa katika maktaba, chumba kidogo kinachotazama ziwa, na ufunguo ulikuwa kwa Sista, mkuu wa shule. Tuliingia wanne wanne, tunasoma saa moja, tunatoka. Kalamu tuliziacha mlangoni.

Ndiyo, kalamu. Sista alikuwa amesoma kwenye ukurasa wa kwanza maneno ya Kifaransa yanayokataza kutoa nakala ya kitabu kile, chote au sehemu yake. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Alikuwa mtu wa hofu. Serikali ya siku zile ilitisha, naye aliogopa kwamba asubuhi moja atatokea mtu mwenye karatasi ya muhuri na kufunga shule. Kwa hiyo alikataza stensili, zile karatasi za nta za kutolea nakala, akakataza hata kunakili kwa mkono.

Mtihani ulikuwa unakaribia. Mwaka uliopita nilipita kwa shida, na aliyeanguka alirudishwa kwao. Mimi kwetu ni Manono, na nilijua uso wa baba utakavyokuwa nikishuka na sanduku langu. Sura ya kitabu inayohusu kutoka damu baada ya kuzaa haikuniingia kichwani. Nikaingia maktaba na wembe ndani ya kitenge. Nilikata kurasa nne, polepole, nikikohoa ili wenzangu wasisikie karatasi. Nikazificha chini ya godoro langu. Nilijiambia nitazirudisha mtihani ukiisha.

Siku tatu baadaye nilikuwa zamu katika chumba cha wazazi cha hospitali, asubuhi. Aliyetuongoza alikuwa Mama Feza, mkunga mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, aliyepokea karibu nusu ya watoto wa mji huu. Mwanamke mmoja wa Mpala, jina lake Kalunga, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Kondo la nyuma lilitoka vizuri. Lakini damu haikukoma. Ilijaza kitambaa cha kwanza, cha pili, ikaanza kudondoka sakafuni.

Daktari alikuwa amekwenda Nyunzu. Mama Feza alikandamiza tumbo la Kalunga kwa mkono mmoja, akafungua boksi la dawa kwa mkono mwingine. Nikaona uso wake unabadilika.

"Hii si dawa ya zamani," alisema. "Imeletwa wiki hii na treni, na nguvu yake njo ingine. Mwayuma, kimbia kwa Sista, ulete kitabu. Kipimo kiko mule. Nikikosea nitamuua huyu muntu."

Miguu yangu haikusonga. Najua utaniuliza niliwaza nini, na nina aibu kukujibu: niliwaza kwamba nikileta kitabu watashangaa kurasa hazimo, na hakuna atakayejua ni mimi. Niliwaza hivyo huku damu ya mtu inadondoka mbele yangu. Kisha Kalunga akageuza kichwa. Midomo yake ilikuwa myeupe kama chokaa.

"Mutoto wangu iko wapi?" aliuliza.

"Mama," nikamwambia Mama Feza, "zile kurasa hazimo mu kitabu. Niko nazo mimi. Nilizikata."

Hakunitukana. Hakunitazama hata. "Basi kimbia," alisema.

Nilikimbia bila viatu hadi bweni letu, ng'ambo ya uwanja wa hospitali. Niliinua godoro, nikazinyakua zile kurasa. Kurudi, kila hatua nilidhani nitakuta wamemfunika shuka.

Mama Feza alisoma jedwali mara mbili, kidole juu ya mstari, akachoma sindano. Tukasubiri. Alikanda tumbo, jasho likimdondoka kidevuni. Mimi nilishika mkono wa Kalunga, uliokuwa baridi. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Hatimaye tumbo likakaza, damu ikapungua, ikawa michirizi tu. Tulipomletea mtoto, Kalunga aliweza kumgusa shavu.

Ndipo Mama Feza akaniita ukumbini.

"Ulikuwa na njaa ya kujua, ile sikukatazi," alisema. "Lakini uliwafungia wenzako thelathini na moja, na ulimufungia na huyu mama. Kujua kwako peke yako kungemusaidia nini? Uliweza kunitajia kile kipimo?"

Sikuweza. Nilikuwa nimezilalia zile kurasa siku tatu, na kipimo sikukijua.

Kisha akanishika mkono, akanipeleka biro, ofisini kwa Sista. Nilikiri yote. Sista alilia, akanihukumu kurudia mwaka, na ilikuwa haki. Lakini Mama Feza hakuondoka. "Sista," alisema, "na mulango uliofungwa uko na makosa yake. Tumuulize muntu anayejua sheria kama kunakili kumekatazwa kweli."

Waliita mzee mmoja wa parokia, karani wa mahakama. Alikuja na kitabu cha sheria chini ya kwapa, akakaa, akapekua mpaka akapata sheria ya kazi za waandishi.

"Sheria inakataza kutwaa kazi ya muntu na kuiuza, ao kuiita yako," alisema mwishoni. "Lakini ndani yake imeacha nafasi. Mwalimu anaweza kutoa kipande kwa kufundisha, akitaja jina la mwandishi, na asiuzishe."

"Basi tutoe kitabu kizima!" Sista alisema, uso ukimng'aa.

"Hapana, Sista. Kipande. Mwandishi naye anakula."

Nilizibandika zile kurasa kitabuni kwa gundi, kisha mimi ndiye niliyekata stensili za sura ile, jina la mwandishi juu kabisa. Wasichana wote walipata.

Mwanangu, mpaka leo najiuliza bweni lingekuwa mbali zaidi ingekuwaje. Kwa hiyo nisikilize. Ukiambiwa jambo la elimu limekatazwa, omba kuisoma sheria yenyewe mpaka mwisho, usiishie kwenye mstari wa kwanza. Ukichukua neno la mtu, taja jina lake, na usimnyang'anye mkate wake. Na kile ulichojaliwa kusoma, kiache mahali ambapo atakayekuja nyuma yako atakikuta kizima.

Mungu akupe macho yasiyochoka na mkono usioficha. Akukutanishe na watu watakaokufungulia, nawe uwafungulie wengine. Uende na amani, mtoto wangu.