Kioo cha Masizi

Mimi kutulia sijui. Asubuhi ile nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena kuangalia jua la mtaa wetu wa Kapsoya. Mwalimu wangu wa chuo angepitia kwetu saa sita, na alikuwa amesema wazi: nisipomwonyesha kitu, utafiti wangu unafungwa.

Kitu chenyewe ni vioo viwili vya kubanwa pamoja. Kimoja nilikuwa nimekipaka unga mweupe na kukilowesha maji ya bitiruti, kingine nimekitia masizi ya mshumaa. Elektroni, zile chembe za umeme, zina mazoea yao, huteremka tu. Mimi nilitaka mwanga uzipandishe. Betri ndogo ingezisukuma upande mmoja, na jua likipiga zirudi nyuma, mita ya umeme ionyeshe minus, yaani umeme umegeuka.

Naingia jikoni, kioo cha masizi kiko kwa rafu, kinang'aa!

"Mama! Nani ameosha hii kitu?"

"Ni mimi. Kilikuwa cheusi mpaka aibu, na mgeni anakuja. Nimekisugua na majivu."

Woiye! Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Nilitaka kulia. Mama aliwasha mshumaa.

"Tangu niolewe nasugua masizi ya sufuria," akasema, "leo ndio nayatafuta. Lete hicho kioo kabla sijaghairi."

Akakishikilia juu ya moto, akikizungusha polepole, vidole vikiungua na kuwa vyeusi. Mimi huku, "Hapo kona, Mama! Hapo!"

"Hebu kaa chini wewe, unanipa kizunguzungu."

Nikakaa, nikasimama. Tulipobana vioo, kuunganisha betri na mita na kuvitoa uani, wingu likaja likakaa juu yetu kama limetumwa. Nililitukana. Hatimaye jua likatoka, mita ikaruka.

"Minus?" Mama akasema, uso umemshuka. "Basi imekataa."

"Ndiyo hiyo, Mama! Zimepanda!"

Mwalimu alifika tukiwa hapo uani. Mama, kwa sababu ya vidole vyake, alimpa kifundo cha mkono amsalimie. Mwalimu akainama, akafunika kioo na kofia, minus ikapotea. Akafunua, ikarudi. Alirudia hivyo hivyo.

"Endelea na kazi," akasema. "Masizi yamelala vizuri. Ni wewe?"

"Ni Mama."

Akasimama, akamsalimia Mama upya, safari hii akishika kile kiganja cheusi chote.