Compiler ilipiga kelele za uongo, bosi akaiziba mdomo, pweza wa shangazi wakaoza

Wakuu, heshima kwenu. Hii sijasimuliwa, imenikuta mwenyewe hapa Mafia.

Mimi naandika code. Kuna kampuni ndogo ya Dar inatengeneza kifaa cha kupima joto la vyumba vya baridi, na kipande cha operating system yake, programu kuu inayokiendesha, kinachosoma kipimajoto nilikiandika mimi. Kifaa cha majaribio nikakifunga Kilindoni, kwenye chumba wanachohifadhi pweza shangazi yangu na wenzake wa kisiwa cha Juani.

Sasa compiler, ile programu ya kugeuza code iwe lugha ya mashine, ikaanza ukorofi.

Kila nikiiendesha inatoa warning, yaani onyo: hii namba ya joto huenda ikatumika kabla haijajazwa. Uongo mtupu. Nilipitia kila njia ndani ya code, hakuna hata moja iliyoiacha tupu.

Nikamwandikia bosi tuiache, tuweke maelezo pembeni. Wapi! Yule akiona neno warning anaumwa kichwa. Akajibu: "Ijaze sifuri mwanzoni, inyamaze."

Nikamwambia tukiiziba mdomo leo, siku ikiwa na la kweli haitasema. Akaniona mbishi, akaweka sifuri mwenyewe.

Baadaye akaongeza code yake: waya wa kipimajoto ukilegea, kifaa kiruke kusoma. Hapo ndipo namba ikabaki na ile sifuri tu, haijajazwa joto halisi. Compiler kimya. Ingesema nini na sifuri ipo?

Mnaojua huku mnajua, mwamba ukifungwa hakuna anayegusa pweza kwa miezi, halafu siku ya kufungua wanavuliwa kwa wingi.

Siku hiyo ilipofika, shangazi akajaza chumba. Mtambo wa baridi ukazima, na waya wa kipimajoto ulikuwa umeshaliwa na chumvi. Kioo kikaonyesha sifuri, na sifuri kwa pweza ndiyo baridi inayotakiwa. Hakuna aliyefungua mlango mpaka harufu ilipotoka nje.

Nilipofika nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, hakunifokea. Bora angenitukana.

"Baba, si uliniambia nikiona sifuri nisiwe na wasiwasi?"

Nikatoka nje, nikampigia bosi. Mpaka sasa hapokei simu.

Nilichojifunza: warning ya uongo iandikie kwa nini ni ya uongo, usiipe namba ya kuinyamazisha. Wazee mnaoandika kernel, kile kiini cha operating system, na lugha ya C mnikosoe tu, nitasoma zote. Ila anayejua namna ya kumweleza shangazi kitu kinaitwa compiler, aanze yeye.